Bahari ni ya Nani?

Walimwengu wamezoea kufikiri kuwa kitu kina hali mbili tu. Ama ni cha mtu, naye hukitumia apendavyo. Ama si cha mtu, na kila ajaye huchukua kadiri ya nguvu zake. Kwa karne nyingi bahari kuu iliwekwa katika hali ya pili, ikaitwa huru. Lakini uhuru usio na mlinzi ni karamu ya wenye nguvu. Mwenye meli hujaza ghala, na mwenye ngalawa hubaki kutazama mawimbi.

Tarehe 1 Novemba 1967, Arvid Pardo, mjumbe wa Malta, alieleza hali ya tatu mbele ya Umoja wa Mataifa: sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote iwe urithi wa wanadamu wote. Fikira hiyo ilipata mtetezi asiyechoka, Elisabeth Mann Borgese (1918–2002), binti wa mwandishi Thomas Mann. Ujanani alijifunza muziki. Baadaye alifundisha elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Mwaka 1968 alitoa rasimu ya katiba ya bahari, na mwaka 1972 alianzisha huko Malta taasisi ya kimataifa ya mambo ya bahari.

Fundisho lake lilisimama juu ya neno urithi. Urithi si ngawira. Ngawira humjua aliyeitwaa tu. Urithi huwajua pia wasiokuwapo, yaani waliotangulia na watakaozaliwa. Arithiye kwa haki hula matunda, lakini hakati mti.

Hapa huzuka shaka ya maana. Je, mnyonge akijenga ua kuzuia wenye nguvu, hutenda haki au huwapunja wenziwe? Mapema katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa mbele kudai eneo la uchumi baharini kwa kila nchi ya pwani, na mkataba wa 1982 ulikubali maili 200 za bahari. Dai hilo lilikuwa kinga dhidi ya majahazi ya chuma yaliyotoka mbali kuzoa samaki. Lakini nchi tajiri zenye pwani ndefu nazo zilijenga nyua zao, na fungu la wote likapungua.

Jawabu haliko katika ua, bali katika moyo wa aliye ndani yake. Mkataba ule ule uliotoa haki ya kuvua uliamuru pia samaki wahifadhiwe. Mwenye haki bila wajibu ni mnyang'anyi mwenye hati. Mwenye haki pamoja na wajibu ni mlinzi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la sakafu ya bahari liko Kingston, Jamaika, kwa Mamlaka iliyoundwa mwaka 1994. Mwaka huo huo masharti yaliyowalemea wachimbaji wa madini yalilegezwa ili mataifa makubwa yaridhike. Basi daftari lipo, lakini daftari haliandiki lenyewe. Huandikwa na watu, na watu huelekea upande wa mwenye nguvu pasipo kukumbushwa kuwa wasiozaliwa hawana mjumbe barazani isipokuwa dhamiri ya walio hai.