Pishi Mbili

Mwenye duka aliye na pishi mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, hana haja ya kusema uongo. Vipimo vyake humsemea, naye aweza kuapa mbele ya watu kwamba alipima. Huikumbuka hila hiyo kila nisomapo habari za chuki waliyofanyiwa Wayahudi, maana chuki hiyo haikuishi kwa matusi peke yake. Iliishi kwa kupima.

Tuitazame kesi ya Alfred Dreyfus, kapteni wa mizinga katika jeshi la Ufaransa, Myahudi mzaliwa wa Mulhouse. Mwaka 1894 ilipatikana karatasi iliyoonyesha kwamba ofisa fulani aliwauzia Wajerumani siri za jeshi, naye akashtakiwa. Nyumba yake ilipekuliwa na hakikuonekana kitu. Ikanenwa kwamba mwerevu kama yule hakosi kuficha. Mwandiko wake haukulingana sawasawa na ule wa karatasi. Alphonse Bertillon, mtaalamu wa polisi, akaeleza kwamba mshtakiwa aliugeuza kwa makusudi. Basi nauliza: mtu huyu angefanya nini hata aonekane hana hatia? Kufanana kulikuwa ushahidi, na kutofanana kulikuwa ushahidi.

Tarehe 5 Januari 1895 alivuliwa cheo hadharani mjini Paris, upanga wake ukavunjwa, na umati ukapiga kelele za kutaka Wayahudi wafe. Akapelekwa Kisiwa cha Shetani, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1896 Georges Picquart, ofisa wa jeshi lile lile, aligundua kwamba mwandishi wa karatasi alikuwa Meja Esterhazy. Hapo pishi ya pili ikatolewa. Esterhazy alipofikishwa barazani Januari 1898 aliachiliwa. Aliyefungwa ni Picquart. Na hata kweli ilipodhihirika, hakuna aliyenena kwamba Wakristo wote ni wasaliti kwa sababu ya Esterhazy. Kosa lake lilikuwa lake. Kosa ambalo Dreyfus hakulitenda lilikuwa la taifa lake zima.

Desturi hii ni kongwe. Mwaka 1348, tauni ilipoiangamiza Ulaya, Wayahudi walidaiwa kutia sumu visimani. Papa Clement wa Sita alionyesha kwamba wao nao walikuwa wakifa kwa tauni hiyo hiyo. Hoja ilikuwa wazi, wala haikufaa kitu: Februari 1349 mamia yao walichomwa moto Strasbourg, kabla tauni haijafika mjini. Katika nchi nyingi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakabaki na kazi ya kukopesha fedha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Karne ya ishirini ilipofika, kinywa kile kile kiliwaita mabwana wa mitaji yote na waasisi wa ukomunisti.

Pishi inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni ile yenye sura ya heshima. Hunenwa na watu wema: kwamba taifa lililouawa watu milioni sita mikononi mwa Wanazi lapaswa kuwa adilifu kuliko mengine. Tangu lini mateso yakawa chuo? Aliyepigwa hadaiwi utakatifu zaidi ya aliyempiga. Serikali ya Israeli na ilaumiwe kwa lolote ambalo serikali nyingine ingelaumiwa, wala haki ya Wapalestina isinong'onwe. Lakini mshona nguo wa Kiyahudi wa mji wa mbali hana hesabu ya kutoa kwa matendo ya serikali hiyo. (Tusijitoe sisi katika jambo hili: mwaka 1903 Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, wenyeji wa huko hawakuulizwa. Pishi mbili hazina kabila.)

Hukumu ya Dreyfus ilifutwa mwaka 1906. Alirudi jeshini, akaitumikia Ufaransa katika vita vya 1914 hadi 1918, akafa mwaka 1935. Mjukuu wake, Madeleine Lévy, alijiunga na Wafaransa waliowapinga Wanazi kwa siri. Alikamatwa, akafia Auschwitz mwaka 1944.