Anayeondoka Saiti Ameondoka kwa Hiari?

Msichana akihitimu ukadiriaji majenzi au usimamizi wa ujenzi, kisha baada ya miaka michache akaonekana kaunta ya benki au nyumbani, wakuu wa saiti huwa na jibu tayari: mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyemfukuza, katoka kwa hiari yake. Ndani ya jibu hilo mna dai zito ambalo halichunguzwi. Linasema kwamba mtu asiposukumwa nje, basi kutoka kwake kunatuonyesha anachokitaka, na pengine hata alivyoumbwa. Dai hilo si kweli, na wanaolishikilia wanajivua wajibu ambao kwa haki ni wao.

Tuanze na maumbile, maana ndiko hoja nyingi zinakokimbilia. Husemwa kwamba ujenzi ni kazi nzito, mwili wa mwanamke hauiwezi. Lakini Kunduchi, Dar es Salaam, wanawake wameketi juani miaka na miaka wakigonga mawe kwa nyundo ili wapate kokoto. Kwenye saiti za mitaani utawakuta wakibeba maji ya zege kichwani. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya mwanamke, tangu kusimika fito hadi kukandika samadi. Hawa wote hakuna aliyewazuia kwa kuihurumia miili yao. Udhaifu huzuka ghafla pale mwanamke anapotaka kushika mchoro, kusaini hati ya malipo, au kumwamuru fundi afumue nondo alizosuka vibaya, kazi ambazo hazidai misuli hata kidogo. Kinacholindwa hapo ni mamlaka. Ibn Rushd, kadhi wa Andalusia katika karne ya 12, alipofafanua kitabu cha Plato kuhusu dola, aliandika kwamba uwezo wa wanawake katika miji ya zama zake haukujulikana kwa sababu walitengewa kuzaa na kulea tu, naye akalihesabu hilo miongoni mwa sababu za umaskini wa miji hiyo. Mwaka 1869 John Stuart Mill naye akasema kwamba kinachoitwa asili ya mwanamke ni kitu kilichotengenezwa kwa shinikizo. Daraja la Waterloo la London linawaunga mkono wote wawili: lilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wakiwa miongoni mwa wajenzi wake, kisha vita vilipokwisha nafasi zao zikarudishwa kwa wanaume. Waliokuja baadaye wakazikuta saiti bila wanawake, wakadhani ndivyo Mungu alivyopanga.

Sasa hiari yenyewe. Nchini Tanzania mhitimu wa uhandisi hupitia miaka ipatayo 3 ya mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na miaka hiyo huangukia palepale kwenye umri wa ndoa na uzazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, ikampa baba siku 3. Pengo hilo limewafundisha waajiri ni nani wa kumkwepa. Ajira nyingi za ujenzi nazo hufuata mradi: ghorofa likikamilika mkataba umekwisha, na kazi inayofuata huenda iko Kigoma au Katavi. Hata mambo madogo yana uzito wake. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka wanaume na wanawake wa saiti wawe na vyoo na sehemu za kunawia tofauti; penye choo kimoja cha mabati, mwanamke hujizuia kunywa maji tangu asubuhi. Anayepima yote haya akaondoka, amechagua, sikatai. Lakini bei ya kubaki imepangwa na wengine, na mwenzake wa kiume haitozwi. Marekani iliweka lengo mwaka 1978 kwamba wanawake wafanye asilimia 6.9 ya saa za kazi katika miradi ya ujenzi ya serikali kuu. Baada ya miongo minne bado walikuwa wachache kuliko hapo katika kazi za ufundi. Kuwahesabu mlangoni hakuigusi bei hiyo.

Pingamizi la dini nalipa uzito, maana kwa wazazi wengi, wa pwani na wa bara, ndilo linaloamua. Wanahofia stara ya binti katikati ya wanaume. Lakini katika Biblia, Nehemia 3:12 inamtaja Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, akijenga sehemu yake ya ukuta pamoja na binti zake. Na katika Surat an-Nur, amri ya kuinamisha macho inawashukia wanaume kwanza, katika aya ya 30, ndipo inawafikia wanawake. Stara basi ni deni la saiti nzima. Msimamizi anayevumilia matusi na rushwa ya ngono, kisha akamwambia msichana kwamba pale si mahali pa heshima, amemtwisha yeye dhambi ya wengine.

Wapo pia wanaohofia kwamba upendeleo utashusha viwango. Katika ujenzi hofu hiyo ni ya haki: ghorofa lililoporomoka Dar es Salaam mwezi Machi 2013 liliua watu zaidi ya 30, na zege halijali aliyelisimamia ni nani. Mtihani usilegezwe kwa yeyote. Lakini choo, saa ya kunyonyesha na usafiri wa salama havimwongezei mtu alama hata moja. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mkandarasi anayesema kwamba akivigharimia peke yake, atashindwa zabuni na asiyevigharimia. Anasema kweli, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa wema wa mtu mmoja mmoja. Mwenye mradi, na mara nyingi huyo ni serikali, ayaandike mambo haya katika nyaraka za zabuni kama kifungu chenye bei yake, pamoja na uzio na ofisi ya saiti, ili kila mwombaji ayakadirie na mkaguzi ayadai kabla hajaidhinisha malipo.