Uchungu Una Mwenyewe

Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, mkulima ambaye shamba lake linapakana na pori mara nyingi huchagua muhogo mchungu. Mgeni hushangaa: mbegu tamu ipo, ya nini kupanda chakula ambacho huwezi kukitafuna ukishakichimba? Nguruwe pori na ngedere wanalijua jibu. Hata mwizi analijua, maana muhogo mchungu hauchomwi kwenye moto wa haraka kando ya shamba la watu.

Uchungu ule mmea umejitengenezea wenyewe, kwa ajili yake wenyewe. Ndani ya seli za muhogo kuna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali: linamarini, iliyofungiwa kwenye kifuko cha seli, na kimeng'enya kilichoko kwenye ukuta wa seli. Vikitengana havina neno. Jino likivunja seli, viwili hivyo hukutana na sianidi huanza kutoka.

Wazee hawakuijua sianidi kwa jina, lakini tabia yake waliisoma vizuri. Walimchokoza adui amalize mishale yake yote ndipo wamkaribie. Kisamvu hutwangwa kwanza kinuni, kisha huchemshwa, na kule kutwanga ndiko kunakoikutanisha linamarini na kimeng'enya ili sumu ipotelee hewani na majini. Mizizi humenywa, ikalowekwa siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kisha ikaanikwa. Kanda ya Ziwa huivundika hadi iote ukungu, wakaukwangua, wakaianika, wakapata udaga. Anayeutupa muhogo mchungu mzima mzima kwenye maji yanayochemka hukosea kwa namna ya ajabu: joto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sehemu kubwa ya sumu hubaki ndani.

Na tusidhani elimu hii ilikuwapo tangu enzi na enzi. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Kuna watu walioonja, wakaugua, wakaangalia, wakarekebisha, hadi hesabu ya siku ikakaa sawa. Majina yao hatunayo, ila ninaamini wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa kinu na mtungi vilikuwa mikononi mwao.

Mwaka 1981, ukame ulipoukumba mkoa wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu iliyopooza hairudi kuwa kama zamani. Ukame huuzidishia muhogo sumu. Njaa nayo ilikuwa imewanyang'anya watu muda wa kuutayarisha, pamoja na kitoweo cha kuusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Tarime, nchini Tanzania, nayo ilipata wagonjwa wake katika miaka hiyohiyo ya 1980. Wapo ambao wangewakumbusha wagonjwa hao kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa methali hiyo ni dhuluma tupu. La mkuu walilisikia na walilijua. Siku za kungoja ndizo walizozikosa.

Kisa cha Bandundu, nchini Kongo wakati ule ikiitwa Zaire, kinanisumbua zaidi, kwa sababu huko kulikuwa na soko. Barabara ya lami ilipofika, magari ya Kinshasa yakaja kununua muhogo mkavu kwa wingi. Watu wakapunguza siku za kuloweka ili wawahi kuuza, na konzo ikaingia vijijini. Barabara ni jambo jema, nami siwezi kumlaumu mzazi aliyekuwa akitafuta ada ya shule. Lakini ile siku iliyopunguzwa ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe.

Ndiyo maana huniudhi kusikia vipaza sauti vya sokoni vikitangaza kwamba dawa ya majani haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Sianidi ya muhogo ni ya asili. Utupa, ambao majani yake hulinda mahindi na maharage ghalani dhidi ya wadudu, ndio huohuo unaoua samaki ukitiwa mtoni. Mwarobaini huwafukuza wadudu shambani, na mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Mti haukuwa na nia ya kututibu. Ulikuwa unajihami, na sisi tunaazima silaha zake.

Kwa hiyo nikikutana na muuzaji wa namna hiyo, simbishii kuhusu mti wake, maana huenda ni mzuri kweli. Ninamuuliza kipimo, namna ya kuitayarisha dawa hiyo, na nani asiinywe. Akinijibu kwamba ninywe tu nitakavyo, ninamuaga na hela yangu ikiwa mfukoni.