Hodi Katika Nyumba ya Yuda

Somo: Matendo ya Mitume 9:10–19

Tukisoma habari za kuokoka kwa Sauli, macho yetu hukimbilia ile nuru iliyomwangazia njiani kwenda Dameski. Tunampita upesi mwanafunzi mmoja wa Dameski, Anania, ambaye hakuangukiwa na nuru yoyote. Yeye alipewa agizo: aende barabara iitwayo Nyofu, nyumbani kwa Yuda, akamuulizie Sauli wa Tarso.

Sifa za Sauli zilikuwa zimefika kabla yake. Stefano, mfuasi wa Yesu, alipopigwa mawe, mashahidi waliweka mavazi yao miguuni pa Sauli. Huko Yerusalemu aliingia nyumba kwa nyumba, akiwaburuta wanaume kwa wanawake kwenda kuwafunga. Dameski alikuja na barua za kuhani mkuu ili awakamate walioifuata Njia ile, yaani wafuasi wa Yesu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa Anania huo haukuwa ung'ongo. Alikuwa anatumwa kwa nyoka mwenyewe.

Alipoitwa jina, aliitika mara moja. Aliposikia anakotumwa, akaanza kueleza. Alimsimulia Bwana mabaya yote ya Sauli, kana kwamba Bwana hakuwa na habari. Sala ya namna hiyo tunaijua. Tunaimba kwa sauti kuu kwamba tuko tayari kutumwa, mpaka mahali panapotajwa.

Bwana hakumkaripia kwa kuogopa, wala hakumhakikishia kwamba atarudi salama. Tangu mwanzo alikuwa amemwambia kwamba mtu yule anaomba, tena katika maono ameshamwona mtu aitwaye Anania akiingia na kumwekea mikono apate kuona. Sasa akamwambia aende, kwa kuwa amemchagua Sauli alipeleke jina lake mbele ya Mataifa, wafalme na wana wa Israeli. Basi katika nyumba aliyoiogopa, Anania alikuwa anasubiriwa. Mungu alikuwa amekwisha kuingia humo na kufanya kazi siku tatu nzima, Sauli akiwa haoni, hali wala hanywi.

Hapo ndipo ujasiri wa Kikristo unapoota. Anania hakuambiwa ajipime kama anaweza. Aliambiwa Mungu amefanya nini upande wa pili wa mlango, akaamini, akaenda. Huenda moyo ulikuwa bado unamdunda alipokuwa akiitafuta ile nyumba. Maandiko hayasemi kwamba hofu iliondoka kwanza.

Tena safari yenyewe haikumtoa nje ya mji. Wengi wetu tukisikia habari ya kuacha mahali tulipozoea, tunawaza umisionari wa nchi za mbali. Kumbe pengine ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni yule aliyetoka gerezani, ambaye akikaa kwenye benchi la kanisa watu wanasogea. Ni shemeji mliyekosana kwenye kikao cha mirathi, na sasa amelazwa. Ni kijana wa mtaani anayehitaji mtu wa kukaa naye, wala si wa kumhubiria akiwa amesimama. Nauli haihitajiki. Kinachotuzuia ni yale tuliyosikia juu yao, na mara nyingine tuliyosikia ni kweli.

Anania aliingia, akaweka mikono juu ya mtu aliyekuja kumfunga, akamwita ndugu. Hakungoja kwanza aone kama amebadilika kweli. Vitu kama magamba vikaanguka machoni pa Sauli, akaona tena, akabatizwa, akala chakula. Miaka mingi baadaye Sauli, sasa akiitwa Paulo, akijitetea mbele ya umati Yerusalemu, alimtaja Anania kwa jina. Zaidi ya hapo hatusomi habari zake. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye mlango mmoja, naye alikwenda.

Jiulize: Ni mlango gani umekuwa ukimweleza Mungu kwa nini huwezi kuubisha? Wiki hii, kabla ya kuomba hofu iondoke, mwombe akuoneshe anachofanya ndani ya nyumba ile.

Sala: Bwana Yesu, wewe hutangulia kila unakotutuma. Tunakuletea hofu zetu bila kuzificha. Tupe imani ya kuamka na kwenda, na mioyo ya kuwaita ndugu wale tuliowaogopa. Amina.