Mgeni Asiye na Kosa

Tarehe 6 Julai 2024, maelfu ya wakazi wa Barcelona waliandamana kupinga utalii uliopita kiasi. Baadhi yao walibeba bastola za maji, zile za plastiki wanazochezea watoto, na walipopita kwenye mikahawa ya kando ya barabara wakawamwagia maji watu waliokuwa wanakula. Video zilienea duniani. Wengi walicheka, wengine wakauliza kwa hasira: huyu mtu kakosa nini? Kalipa hoteli, kalipa chakula, kaketi kwenye kiti alichoonyeshwa.

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini, na sidhani jibu lake ni "hakuna".

Tuanze na kile alichokifuata, maana si kidogo. Barcelona inakaa kati ya vilima na Bahari ya Mediterania, na kwa miguu tu mtu anaweza kutoka Plaça de Catalunya akashuka La Rambla, kama kilomita moja na robo hivi chini ya miti, mpaka bandarini, kwenye sanamu ya Columbus iliyosimamishwa juu ya nguzo mwaka 1888. Njiani yuko jirani na mtaa wa kale wenye vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe au Lamu atavipita bila kuhitaji maelezo. Atakula mkate uliosuguliwa nyanya mbivu, ukanyunyiziwa mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Wakatalani wanauita pa amb tomàquet na hawaoni haja ya kuuongezea chochote. Akifika Barceloneta, mtaa wa zamani wa wavuvi, ataagiza bomba, donge la viazi lililojazwa nyama, likakaangwa na kumwagiwa mchuzi wa pilipili. Mtu wa Mombasa atasema hii ni katlesi, na hatakuwa mbali na ukweli.

Kisha atakwenda kuitazama Sagrada Família. Ujenzi wake ulianza mwaka 1882, Antoni Gaudí akaushika mwaka uliofuata, na hakuwa ameumaliza alipogongwa na tramu akafa mwaka 1926. Lilikusudiwa kuwa kanisa la toba, linalojengwa kwa sadaka. Siku hizi sehemu kubwa ya fedha za ujenzi inatokana na tiketi za wageni. Kwa hiyo mtalii anayepanga foleni pale analijenga, kwa namna fulani. Lakini upo pia mpango wa muda mrefu wa ngazi kubwa mbele ya lango kuu, na ukitekelezwa kama ulivyo utabomoa majengo ya makazi ng'ambo ya barabara. Tiketi ileile moja imo katika yote mawili.

Soko la Boqueria ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mambo yanavyokwenda. Lipo hapohapo La Rambla, samaki wamelazwa juu ya barafu, uyoga, jibini, mizeituni. Wageni walilipenda, wakaja. Ila mgeni wa hotelini hana jiko. Hanunui kilo mbili za dagaa wabichi wala kichwa cha samaki cha kuchemshia supu. Ananunua kikombe cha matunda yaliyokatwa na juisi yenye mrija. Mfanyabiashara si mjinga, akaanza kuuza vikombe. Mama wa mtaani naye, akichoka kusukumana na watu wanaopiga picha, akahamia soko jingine. Mwaka 2015 halmashauri ya jiji ilibidi izuie makundi ya watalii zaidi ya 15 kuingia sokoni asubuhi za Ijumaa na Jumamosi, ili watu waweze kununua chakula. Hakuna aliyekwenda pale kwa nia ya kuharibu soko. Walikwenda kwa sababu ni zuri.

Mwanafalsafa wa Uingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, Reasons and Persons, alitupa mfano wa watesaji elfu moja. Kila mmoja anabonyeza kitufe kinachoongeza maumivu kwa kiasi kidogo mno, kisichohisika. Vitufe vyote vikishabonyezwa, wanaoteswa wanaumia vikali, na bado kila mtesaji anaweza kuapa kwamba yeye hakumwongezea mtu yeyote maumivu ya kuhisika. Parfit alisema huo si utetezi. Ukijua wewe ni mmoja wa elfu, huwezi kulipima tendo lako kana kwamba uko peke yako. Wahenga wetu walilisema hili kwa upande wa faida, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui kinachokijaza.

Mtalii si mtesaji, naelewa. Analeta pia mishahara, na jiji lenye wakazi kama milioni 1.7 linalolaza wageni zaidi ya milioni 10 kwa mwaka linaishi kwa sehemu kutokana nao. Lakini wote wanalala katika nyumba zilezile chache. Meya Jaume Collboni alisema kodi za nyumba zilipanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi, na mwezi Juni 2024 akatangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za kupangisha watalii hazitaongezewa muda zitakapokwisha Novemba 2028. Barceloneta ina vyumba vingi vya mita za mraba kama 30, vilivyogawanywa hivyo zamani ili familia za wavuvi zipate pa kulala. Udogo uleule ndio unaovifanya vifae kwa wageni wawili wa siku tatu.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kuwa mtalii mwema: jifunze kusalimia kwa Kikatalani, usipige kelele usiku, kula wanakokula wenyeji. Ushauri huo wa mwisho unanichekesha, kwa sababu ndio uliomaliza Boqueria. Adabu ni nzuri lakini haipunguzi idadi. Mgeni mpole na mgeni mlevi wanachukua kitanda kilekile.

Na wenyeji ni akina nani, hata hivyo? Ufuo ambao leo umejaa miavuli, sehemu yake ilikuwa kitongoji cha vibanda kiitwacho Somorrostro, alikotoka mcheza flamenko Carmen Amaya. Vibanda vya mwisho viliondolewa mwaka 1966, na fukwe tunazoziona zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya Olimpiki ya 1992. Karibu na maji hayohayo utawakuta wamachinga wa jiji, wengi wao Wasenegali, wametandaza shuka lenye kamba kwenye pembe ili polisi wakitokea wavute mara moja, bidhaa zote ziwe mgongoni. Mwaka 2015 waliunda chama chao. Kuna maandishi yaliyoonekana sana kwenye kuta za jiji: watalii rudini kwenu, wakimbizi karibuni. Ukiyafikiria, yanapanga wageni kwa haja, si kwa uwezo wa kulipa.

Sisi tuna neno hodi. Unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka, wala hununi. Kinachonisumbua kuhusu utalii ni kwamba malipo yamechukua nafasi ya hodi: nimelipa, kwa hiyo nimekaribishwa. Lakini aliyepokea fedha ni mwenye nyumba, na anayebanwa ni jirani yake, ambaye hakuna aliyemuuliza. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inadhani mwenyeji ni mmoja.

Kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam jambo hili lina uchungu wa pekee. Ameweka akiba miaka kadhaa, na zamu yake inapofika anaambiwa jiji limejaa. Ana haki ya kukasirika. Ila yeye, tofauti na mwenye pasipoti ya Ujerumani, amewahi kupiga hodi: amelipa euro 90 zisizorudishwa, ameonyesha taarifa za benki, ameeleza anakuja kwa nini, atalala kwa nani, ataondoka lini. Maswali hayo anaulizwa kwa dharau, na si na watu wa Barceloneta. Lakini ndiyo maswali ambayo jirani wa pale angetamani kumuuliza kila anayeburuta sanduku ngazini usiku wa manane.

Jirani na Park Güell hupita basi dogo, namba 116. Ramani za Google zilikuwa zikiwaelekeza wageni walipande, likajaa, na wazee wa mtaa wakakosa nafasi ya kurudi nyumbani na mizigo yao. Mwaka 2024, baada ya wakazi kulalamika, halmashauri iliomba njia ya basi hilo iondolewe kwenye ramani hizo, na ikaondolewa. Basi lenyewe linaendelea kupita kama kawaida. Umelijua sasa, na ukifika Barcelona kilima ni kile kile, na miguu unayo.