Mgeni Asiye na Boma

Mkulima wa Majimoto, mkoani Katavi, mwenye magunia kumi ya mpunga akimpa jirani yake manne, hesabu ni nyepesi: sita yamebaki, manne yamehama. Imani haina hesabu hiyo. Anayeitoa hapungukiwi, wala hana hakika kwamba kuna kitu kimeingia upande wa pili, kwa kuwa hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwenzake. Unaweza kumfundisha mtu sala akaikariri, ukaandika jina lake jipya katika daftari la ubatizo. Kuamini kwenyewe bado ni kwake. Hapo ndipo agizo la Kristo la kuwaendea mataifa yote linapohitaji kufikiriwa, si kuhubiriwa tu. Ikiwa imani haikabidhiwi, mmisionari anatumwa kufanya nini hasa? Jibu ninalolitetea ni kwamba anatumwa kuwa mgeni, na mgeni ni yule ambaye mwenyeji anaweza kumwambia hapana.

Mkoa wa Katavi una ushahidi wa jambo hili, mtamu na mchungu. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Hawakuanza na kibanda pembeni ya kijiji. Walikabidhiwa boma, ambalo Kapteni Cambier alikuwa amelianzisha mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye nguvu ya kuwazuia wafanyabiashara wa watumwa. Miongoni mwa waliokusanyika chini ya ulinzi wa misheni walikuwemo watoto waliokombolewa kwa bei na watu waliokimbia misafara. Boma lile siwezi kulibeza, maana liliokoa maisha. Lakini mtoto aliyetolewa mnyororoni, anayekula chakula cha misheni na asiyejua tena kwao ni wapi, angeikataaje dini ya waliomkomboa? Huenda aliamini kwa moyo wake wote. Shida ni kwamba hapana yake haikuwa na pa kwenda, na mahali ambapo hapana haiwezekani, hata ndiyo haipimiki.

Katika misheni hiyohiyo aliingia, mwaka 1889, mtu aliyeonyesha njia nyingine. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, kisha akasomea utabibu Malta. Alifika Karema akiwa mgeni kwa kila hali: ngozi yake ilifanana na ya wenyeji, lugha yake haikufanana. Akaoa binti wa huku, akazeeka huku, akatibu na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Tiba ina sifa ambayo boma halina. Aliyepona anaweza kufunga mzigo wake akarudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, bila kubatizwa. Waswahili waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuweka sharti kwamba mwenyeji akishapona awe mali ya mgeni.

Ushahidi mwingine tunautumia kila Jumapili bila kuuona. Mkristo wa Mpanda anaposali kwa Kiswahili hutaja imani, dhambi, toba, sadaka, malaika, roho, Injili. Maneno haya yote yameingia Kiswahili kupitia Kiarabu, nayo yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa pwani kabla mmisionari Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844, na kabla Askofu Steere hajaanza kutafsiri Maandiko kule Zanzibar. Neno Mungu lenyewe ni la Kibantu, ndugu wa Mulungu, na halikushuka kutoka meli yoyote. Wafipa walikuwa na Leza. Wasukuma, ambao baadaye walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, walikuwa na Liwelelo. Lamin Sanneh, mwanazuoni wa Gambia, alijenga hoja nzito juu ya jambo hili: anayetafsiri hulazimika kuwa mwanafunzi wa wale anaowafundisha, kwa sababu mwenyeji ndiye anayejua maana ya maneno. Mtu anayeomba kuazimwa hata jina la kumwitia Mungu hawezi kudai kwamba amekuja na kila kitu. Na asipokuwa na subira ya mwanafunzi, hukosea vibaya. Okot p'Bitek alieleza jinsi mapadri wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Dhana hiyo haikuwamo katika lugha yao, swali likaishia kuwa nani aliyewafinyanga, na wazee wakamtaja Rubanga, yule anayedhaniwa kuwapinda watu migongo. Jina hilo ndilo lililobebeshwa Mungu wa Wakristo.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, basi waacheni watu na dini zao. Wabende wana mkwaju wao kando ya Ziwa Katavi, makao ya roho wanayemwita Katabi. Kumhubiria mtu mwenye mahali pake pa kuombea ni kumdharau. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu dharau ilikuwepo na watu wanaikumbuka. Hata hivyo, kumnyima jirani habari unayoiamini kuwa ni ya uzima, ati kwa sababu yeye ni Mpimbwe au Mbende, ni kumhesabu kuwa hawezi kuisikia na kuipima. Hiyo nayo ni dharau. John Mbiti wa Kenya alitetea wazo kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao. Basi anayehubiri hapeleki Mungu mahali alipokosekana. Anapeleka habari za Yesu, na habari hukubaliwa au hukataliwa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inakubali pande zote mbili: kueneza dini ni huru, na dini ni hiari ya mtu binafsi.

Pingamizi la pili ndilo linalowasumbua zaidi watu wa kanisa: mgeni asiye na nguvu atavuna nini? Vincent Donovan, padri Mmarekani, aliangalia misheni ya Loliondo mwaka 1966, yenye shule na hospitali, akakiri kwamba hapakuwa na Mmasai mtu mzima aliyekuwa akishika dini hiyo. Nguvu zilikuwepo, imani haikuzifuata. Upande wetu huu, walioingia Katumba na Mishamo miaka ya 1970 walikuwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Hawakuwa na boma wala fedha, na nchi haikuwa yao. Walikuja na makanisa yao, wakasali na kuimba porini walikopewa ardhi. Injili inasimulia kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi bila mfuko wala viatu, wale watakachopewa. Sioni kuwa ulikuwa ufukara wa bahati mbaya. Mjumbe mwenye njaa hawezi kumlazimisha anayempa chakula.

Majimoto ya leo imejaa wageni, na wanaohubiri mara nyingi ni majirani. Boma la mawe halipo, lakini boma la hofu linajengeka haraka: mhubiri anayetangaza kwa spika kwamba kijijini kuna wachawi, na kwamba dawa ni kumfuata yeye, amemwondolea msikilizaji uwezo wa kukataa sawasawa na mnyororo. Na hofu hiyo ina gharama yake. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi imeripoti kwa miaka mingi mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Ewe katekista, mchungaji, mwinjilisti unayepanga mkutano baada ya mavuno ya mpunga: kabla hujafunga spika, nenda kwanza nyumbani kwa bibi anayenyooshewa kidole. Piga hodi. Akikukaribisha, keti, ule alichopika. Akikuambia hapana, muage kwa heshima, urudi siku nyingine kumjulia hali.