Je, Faida ya Mkandarasi ni Wizi?

Hapa kwetu Nyalikungu zabuni ya kujenga darasa ikifunguliwa, twafurahi bei ndogo ikishinda. Yafaa tujiulize nani anailipia furaha hiyo.

Mkandarasi halipi saruji na nondo tu. Yuko mlinzi wa usiku, iko ada ya kila mwaka ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iko riba ya benki wakati anangojea malipo. Vifaa na vibarua vikigharimu shilingi 10,000,000, naye akaongeza asilimia 10, hiyo milioni moja italipa hayo yote kwanza. Kinachobaki ndicho faida. Lori likiharibika mara moja, hakibaki kitu.

Asipoyaandika katika bei, atayapata wapi? Katika zege: palipotakiwa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mchanga utazidi. Au katika ujira wa kibarua, ambaye hata siku ya kufungua zabuni hakuitwa.

Hatusemi kila faida ni halali. Waombaji wanaopatana bei kisirisiri ni wezi, hata karatasi zao zikiwa safi. Lakini kamati inayombana fundi mpaka asibakiwe na kitu, nayo inajua, haiwezi kumlaumu yeye peke yake ukuta ukipasuka.